Ala ya bastola, kutoka ngozi hadi nailoni

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ziwa Kivu, Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914, nayo Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikalinda upande huu wa Goma. Askari Mkongo alibeba bunduki. Bastola ilikuwa ya afisa, na afisa alikuwa Mzungu. Ndiyo maana ala ya ngozi kiunoni ilisomwa kama cheo kabla ya kuonekana kuwa chombo cha kazi. Tangu mwaka 1900 maafisa wa Ubelgiji walikuwa na bastola ya Browning iliyotengenezwa na kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na Liège.

Ala za enzi hiyo zilistahili heshima hiyo. Ngozi ya ng'ombe ililowekwa katika maji ya magome ya miti kwa miezi mingi, ikatoka nene na ngumu. Fundi aliilowanisha tena, akaikandamiza juu ya bastola au kigogo chenye umbo lake, akaiacha ikauke. Ikikauka haikusahau umbo hilo. Kushona kuzuri nako kulikuwa kazi ya mkono: tundu lilitobolewa kwa msharasi, kisha sindano mbili zikapishana humo na uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta. Uzi huo ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani inabaki imeshika. Kifuniko kikubwa kilizuia matope na mvua. Wajerumani, waliopitisha bastola ya Parabellum mwaka 1908, waliongeza kijaluba cha risasi za akiba ubavuni mwa ala na kimfuko cha kifaa ndani ya kifuniko.

Hata hivyo ngozi hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Asidi ya magome hula chuma. Bastola ikihifadhiwa ndani yake kwa muda mrefu, hasa penye unyevu kama huku kwetu, hupata kutu, na vifungo vya shaba hugeuka kijani.

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 viwanda viligundua kutengeneza ngozi kwa chumvi za kromu, na njia hiyo ilipoenea, miezi ikawa siku. Ngozi hiyo ni laini, inafaa sana kwa viatu, lakini haishiki umbo kama ile ya zamani. Cherehani nayo ilileta nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi: mmoja ukilika, mshono mzima huanza kufumuka. Hapo ndipo ubora uliposhuka, miaka mingi kabla ya nailoni, na mara nyingi tunailaumu nailoni bure.

Huku Kongo, Julai 1960 askari wa Force Publique waliasi, vyeo vya uafisa vikafunguliwa kwa Wakongo, na bastola ya FN ya mwaka 1935, yenye risasi 13, ikahamia viunoni mwa wenyeji pamoja na ala yake. Kwa macho yangu hiyo ndiyo siku kubwa katika historia ya kifaa hiki nchini.

Mwaka 1985 Jeshi la Marekani lilipitisha bastola ya Beretta na kuipa ala ya nailoni ya kampuni ya Bianchi, na majeshi mengi yakafuata njia hiyo. Baadaye ikaja plastiki ngumu, inayopashwa moto na kubanwa juu ya bastola, kazi ileile ya fundi wa zamani bila maji wala miezi ya kusubiri. Kwa mvua za Goma, plastiki inashinda: hainywi maji, haioti kuvu, haili chuma. Ila ikipasuka imekwisha, wakati ala ya ngozi iliyofumuka fundi viatu wa kando ya barabara anaweza kuirudishia uhai kwa uzi na nta.

Ukikutana na ala ya ngozi ya zamani, igeuze utazame mgongo wake. Mishono ya mkono huinama kidogo upande mmoja, na kingo zimesuguliwa hadi zikang'aa.