Madereva Watatu kutoka New Zealand

Msomaji, itandaze ramani ya dunia mezani, kisha uitafute New Zealand. Utaiona pembeni kabisa, upande wa kusini, visiwa viwili vikubwa katikati ya maji mengi. Katika miaka ya 1950, mtu aliyetoka huko kwenda Ulaya kwa meli alikaa baharini majuma mengi. Watu wa nchi ile walikuwa hawajafika milioni 2 na nusu, na utajiri wao mkubwa ulikuwa kondoo na ng'ombe. Hata hivyo, nchi hiyo ilitoa madereva watatu ambao mabingwa wa Uingereza, Italia na Ufaransa walilazimika mara nyingi kuwatazama migongo. Nitakusimulia habari zao, nami nitaanza na yule aliyekuwa akichechemea.

Bruce McLaren alizaliwa mjini Auckland mwaka 1937. Baba yake alikuwa na gereji na kituo cha petroli, na mtoto alikua katikati ya harufu ya mafuta na mlio wa nyundo. Alipokuwa na umri wa miaka 9 alishikwa na ugonjwa wa nyonga, akalazwa katika nyumba ya watoto wagonjwa karibu miaka miwili, miguu yake ikiwa imefungwa ili isitikisike. Alipoondoka kitandani, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na hivyo ndivyo ulivyobaki maisha yake yote. Michezo ya kukimbia ikawa si yake tena. Lakini katika gereji ya baba yake ilikuwapo motokaa kuukuu ya aina ya Austin 7, na ndani ya motokaa hakuna amwulizaye mtu urefu wa mguu wake. Alipofika umri wa miaka 15 aliiingiza katika mashindano, baada ya kuifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, na baadaye akasomea uhandisi.

Sasa utauliza: kijana wa namna hii alifikaje Ulaya? Chama cha mbio za motokaa cha New Zealand kilibuni mpango wa kumchagua kijana hodari na kumpeleka ng'ambo kushindana. Ulifanana na msaada wa masomo uujuao wewe, ila darasa lilikuwa barabara. McLaren alikuwa wa kwanza kuupata, mwaka 1958. Tena alikuwa na mtu wa kumpokea: Jack Brabham wa Australia, dereva aliyezoea kuja kushindana New Zealand na aliyeijua jamaa ya McLaren, naye alimfungulia mlango katika kiwanda cha Cooper, Uingereza.

Tarehe 12 Desemba 1959, huko Sebring, Marekani, palifanyika mbio za mwisho za mwaka ule za Fomula 1, zile ambazo magazeti yetu huziita langalanga. Brabham alikuwa anaongoza, na kijana wake McLaren akimfuata. Katika mzunguko wa mwisho motokaa ya Brabham iliishiwa petroli. McLaren alimpita akafika mwisho wa kwanza, akimtangulia Mfaransa Trintignant kwa muda usiofika sekunde moja. Brabham aliisukuma motokaa yake kwa mikono mpaka kwenye mstari, akawa wa nne, na ubingwa wa dunia ukawa wake. Kijana alikuwa na umri wa miaka 22. Tukiziacha kando mbio za Indianapolis, ambazo siku zile zilihesabiwa pamoja na hizi kwa jina tu, hapakuwa na dereva aliyeshinda akiwa mdogo kuliko yeye mpaka Fernando Alonso wa Hispania aliposhinda Hungaria mwaka 2003.

Usidhani kwamba mlango ule ulikuwa wa heri kwa kila aliyeupita. Mwaka 1960 walichaguliwa wawili, Denny Hulme na George Lawton. Mwaka ule ule Lawton alipinduka na kufa katika mbio za Roskilde, nchini Denmaki. Hulme alikuwa naye katika mbio zile zile, na baada ya msiba aliendelea na njia peke yake. Alikuwa mtu mzito wa maneno, mwana wa askari aliyepewa nishani ya Msalaba wa Victoria kwa ushujaa wake katika kisiwa cha Krete mwaka 1941. Kwa muda mrefu alifanya kazi ya ufundi katika gereji ya Brabham, akitengeneza motokaa za wengine ili apate nafasi ya kuendesha yake.

Wa tatu alikuwa Chris Amon, mwana wa mfuga kondoo, aliyefika Ulaya mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 19.

Mwezi wa Juni 1966 wote watatu walikutana Le Mans, Ufaransa, katika mbio za saa 24 ambazo madereva wawili hupokezana motokaa moja usiku na mchana. McLaren na Amon walikuwa katika Ford moja. Hulme alikuwa katika Ford nyingine pamoja na Ken Miles, Mwingereza. Mbio zilipokaribia kwisha, wakubwa wa Ford walitaka magari yao yapite mstarini bega kwa bega, ili picha ipendeze. Yakapita. Ndipo waamuzi wakasema kwamba gari la McLaren na Amon lilianza nyuma zaidi ya lile jingine, kwa hiyo limekwenda mwendo mrefu zaidi, na ushindi ni wake. Hulme na Miles walipoteza kwa hesabu ya hatua chache baada ya mwendo wa saa 24. Miles alikufa miezi miwili baadaye akijaribu motokaa, asiwahi kupata ushindi ule. Mimi naona alidhulumiwa, ingawa kanuni ilifuatwa.

Mwaka 1967 Hulme alishinda Monako na Ujerumani, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia kwa pointi 51. Wa pili, kwa pointi 46, alikuwa Brabham, mwenye timu na mwajiri wake. Fikiri, msomaji, fundi anamshinda bwana wake kwa motokaa ya bwana mwenyewe!

McLaren naye alikuwa ameunda timu yake tangu 1963. Mwaka 1968, katika mbio za Ubelgiji, alishinda kwa motokaa yenye jina lake, jambo ambalo kabla yake Brabham peke yake alikuwa amelifanya. Hakujua hata kwamba ameshinda: Jackie Stewart aliyekuwa mbele aliingia kutia petroli mwishoni, na McLaren akadhani yeye ni wa pili mpaka alipoambiwa. Hulme alihamia kwake mwaka ule, na huko Marekani ya Kaskazini, katika mashindano yaitwayo Can-Am, wawili hao walishinda mbio zote 11 za mwaka 1969.

Kisha ukaja mwaka 1970. Mwezi wa Mei, Hulme alikuwa Indianapolis motokaa yake iliposhika moto. Mafuta yake yalikuwa methanoli, ambayo ndimi zake hazionekani mchana, na mikono yake iliungua vibaya. Tarehe 2 Juni, McLaren alikuwa Goodwood, Uingereza, akijaribu gari jipya. Sehemu ya nyuma ya bodi ilifunguka katika mwendo mkali, gari likamponyoka, akafa papo hapo. Umri wake ulikuwa miaka 32. Siku 12 baadaye Hulme aliingia katika mbio za Can-Am nchini Kanada, mikono ikiwa katika bendeji, akamaliza wa tatu. Mwaka haujaisha alikuwa bingwa wa mashindano yale, kwa gari lile ambalo rafiki yake alifia akilitengeneza.

Amon ndiye ambaye watu humtaja kwa kumhurumia. Alianza mbio 96 za Fomula 1 za ubingwa asishinde hata moja. Huko Monza mwaka 1971 alikuwa anaongoza hata kioo cha kofia yake kikang'oka, upepo ukampiga machoni, akawa wa sita. Huko Ufaransa mwaka 1972 aliwaacha wote, mara jiwe likatoboa gurudumu. Alibadilisha, akafukuza kama mtu aliyepagawa, akafika wa tatu. Lakini ukitazama vizuri, huyu msiyemwonea wivu ndiye aliyerudi nyumbani kufuga, akafa mwaka 2016 akiwa na miaka 73. Hulme alifikwa na mauti mwaka 1992, moyo wake ukisimama akiwa usukanini katika mbio za Bathurst, Australia. Alikuwa na miaka 56.

Timu ya McLaren haikufa na mwenyewe. Mwaka 2024 ilitwaa tena ubingwa wa waundaji wa Fomula 1, baada ya kuungoja tangu 1998. Makao yake yako Woking, Uingereza, na huko yamepangwa magari yake ya ushindi, moja baada ya jingine. Pamoja nayo imewekwa Austin 7 ndogo, ile iliyofunguliwa na kufungwa na mtoto mchechemeaji katika gereji ya baba yake.