Matibabu ni zawadi au ni haki? Twende na miaka

Siasa zikichacha, hata hapa Awendo, lazima mtu asimame aseme, "Mimi ndiye niliwaletea matibabu ya bure." Leo hatutaji mtu wala chama. Tufuate miaka tu.

1965: Serikali inafuta ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wasiolazwa. Poa. Lakini ilikuja kama zawadi, na mwenye zawadi anaweza kuichukua.

1989: Akaichukua. Uchumi umebana, unaletwa mpango wa kuchangia gharama. Wagonjwa wanapungua hospitalini, 1990 ada ya kujiandikisha inasimamishwa, kuanzia 1992 inarudi kwa awamu.

2004: Inashuka hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. 2013 inafutwa huko, pamoja na ada ya kujifungua katika hospitali za umma.

Mnaona? Miaka karibu 50, ada inaenda na kurudi, na mgonjwa hana la kusema.

2010: Katiba mpya, Kifungu cha 43. Afya sasa ni haki, na hakuna mtu anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Oktoba 2015, majeruhi wa ajali alikaa kwenye ambulensi saa 18 hivi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU. Alifariki. Katiba ilikuwepo.

2017: Sheria ya Afya inatia meno. Hospitali yenye uwezo ikikataa dharura ni kosa, faini hadi milioni 3. Mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, hatari na gharama, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Kwa nyanya ambaye anajua Dholuo pekee, aelezwe kwa Dholuo. Ana haki ya kukataa matibabu. Ana haki ya kulalamika na malalamiko yachunguzwe.

Kuna watakaosema sheria haitibu malaria. Kweli, dawa zikiisha zimeisha. Lakini zawadi ikikosekana unanyamaza. Haki ikikosekana unauliza. Na tangu ugatuzi, zahanati na hospitali zetu ni kazi ya kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa yuko karibu.

Kwa hivyo mgombea akija na "nitawaletea," muulizeni hivi: mgonjwa akikosewa, analalamika dirisha gani, na nani anamjibu?