Msumeno na Daftari Usambara Mashariki

Reli ndogo iliyochepuka Tengeni, kwenye njia kuu itokayo Tanga, ikaenda kilomita 23 hadi Sigi chini ya mlima wa Amani, ilijengwa kwanza kwa ajili ya magogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya mbao ya Kijerumani iliweka kiwanda chake Sigi, na mabehewa yakawa yanateremsha mvule na miti mingine mikubwa ya Usambara Mashariki kuelekea pwani. Kule juu, mwaka 1902, Wajerumani walikuwa wamekwisha kufungua taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda bustani ya miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia. Hivyo msumeno na daftari la mtafiti viliingia mlimani karibu wakati mmoja. Vikaishi jirani kwa miaka zaidi ya 80.

Msitu wenyewe ulikuwapo tangu zamani mno. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, miamba mikongwe inayopokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Amani hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nyakati ambazo nyika ya chini ilikauka na misitu ya Afrika ikasinyaa, milima hii iliendelea kupata mvua, na viumbe vyake vikabaki vimejitenga, kila mlima na vyake. Ndiyo maana miti kama Cephalosphaera usambarensis, yenye shina refu lililonyooka, na msambu wenye mbegu za mafuta, ni ya sehemu hii ndogo ya Afrika Mashariki peke yake. Ndiyo maana pia ua dogo la zambarau ambalo afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892 lilipewa jina lake, Saintpaulia, na leo linakaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, ilhali makao yake ya asili ni mawe yenye kivuli na maji kama yale ya kingo za mto Zigi.

Mashamba ya kahawa ya Wajerumani hayakudumu. Baadaye ilikuja chai, nayo ikala sehemu ya msitu wa uwanda wa juu. Lakini mlima ulitikiswa zaidi baada ya uhuru, na si kwa nia mbaya. Taifa changa lilihitaji mbao za shule, zahanati, samani na masanduku ya chai, na lilitaka viwanda vyake viwe mali ya umma. Kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kikawa chini ya shirika la mbao la serikali. Katika miaka ya 1970 Ufini, nchi iliyojengeka kwa misitu, ilitoa fedha, mitambo na wataalamu kupitia shirika lake la misaada, FINNIDA. Miti ilihesabiwa kwa mita za ujazo. Kwa hesabu hiyo, mti mkubwa uliozeeka ulikuwa mali inayopotea kama haukukatwa.

Kwenye karatasi, uvunaji ulikuwa wa kuchagua: bwana miti atie alama mti uliokomaa, ukatwe huo, mingine iachwe ikue. Mlimani mambo yalikwenda vingine. Mti wa mita 40 ukianguka hauanguki peke yake. Huburuta kamba za mitambaazi na kuvunja miti michanga iliyo chini yake. Kisha huja katapila kulivuta gogo, na katapila huhitaji njia, na njia kwenye mteremko hugeuka mfereji mvua za masika zinapoanza. Udongo wa Usambara Mashariki unaonekana wenye rutuba kwa sababu umefunikwa. Rutuba nyingi imo kwenye majani yanayooza juu juu, na maji yakilipata tabaka hilo wazi hulichukua. Vijito vinavyolisha Zigi vilipata tope, na Zigi ndio mto unaonywesha mji wa Tanga.

Tena barabara ya magogo haifungwi kampuni inapoondoka. Ilifuatwa na wapasuaji wa mbao kwa msumeno wa mikono, wenye vibali na wasio navyo, halafu na wakulima wa iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima aliacha miti mikubwa na kufyeka yote iliyo chini. Kwa mbali ulionekana msitu; ukiingia ndani, hapakuwa na mche wa kuirithi miti ile mizee siku itakapoanguka. Sidhani inafaa kumtupia lawama mkulima huyo. Aliingia katika mlango uliofunguliwa na wengine, na iliki ilimlipa vizuri kuliko mazao mengi.

Hapo daftari likaanza kusema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walikuwa wakipanda mlimani kuhesabu ndege, vyura, konokono na mimea. Mwaka 1982 Alan Rodgers na Katherine Homewood walichapisha makala iliyoonyesha, kundi kwa kundi, wingi wa viumbe vya Usambara visivyopatikana kwingine. Makala ya kisayansi haisimamishi katapila. Lakini ilimpa kila mwenye wasiwasi kitu cha kuweka mezani, na lawama zikazidi, ndani ya nchi na nje. Likazuka swali gumu kwa Ufini: vipi nchi inayojivunia kuitunza misitu yake isaidie kuumaliza msitu wa mwingine?

Ninaloliheshimu katika historia hii ni kwamba swali lile lilijibiwa kwa kuhesabu upya. Kati ya mwaka 1986 na 1987, kwa fedha za Ufini ile ile, timu ya Watanzania na wageni ilipima misitu ya Amani sehemu kwa sehemu. Safari hii haikutafuta mita za ujazo peke yake. Iliandika mteremko, maji, iliki, njia za katapila, miti iliyobaki na miche iliyochipua. Picha iliyopatikana haikuweza kutetewa na mtu yeyote aliyeisoma kwa makini, na katika kipindi hicho hicho uvunaji wa mitambo katika Usambara Mashariki ulikomeshwa. Tanzania ilikuwa na shida kubwa ya fedha wakati ule. Kuacha miti iliyokwisha kuhesabiwa ikisimama hakukuwa jambo jepesi kwa serikali.

Yaliyofuata yalichukua muda. Mwaka 1987 ulianza mradi wa IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, uliounganisha hifadhi na kilimo vijijini. Mwaka 1991 Ufini ikarudi, sasa kusaidia misitu ya vyanzo vya maji: mipaka ikapimwa upya, mistari ya mitiki ikapandwa kuionyesha. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380, zikiwamo hekta zaidi ya 1,000 za msitu wa kampuni ya chai. Stesheni ya zamani ya reli pale Sigi ikawa mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi.

Gharama nayo ilikuwapo, na haikugawanywa sawa. Msitu wa Derema, unaounganisha Amani na misitu mingine ya kaskazini, ulikuwa umejaa iliki za wanavijiji. Miaka ya 2000 ilipoamuliwa uhifadhiwe, iliki zilihesabiwa shina kwa shina ili wenyewe walipwe fidia. Malipo yalichelewa, na wakulima wengi walilalamika kwamba fedha ya mara moja haiwezi kulingana na zao lililokuwa likisomesha watoto kila mwaka. Walikuwa na haki ya kulalamika. Maji ya kunywa ya mji mzima wa Tanga yalilindwa, na sehemu kubwa ya bei ikatoka kwenye vijiji vichache vya mlimani.

Katika msitu wa Kwamkoro, ambako katapila zilifanya kazi sana, kuna deni jingine. Mti wa Maesopsis eminii uliletwa Amani na Wajerumani, kisha ukapandwa kwa wingi katika sehemu zilizovunwa kwa kuwa hukua haraka. Hondohondo hula matunda yake na kuzimwaga mbegu mbali, nazo huota upesi popote paa la msitu lilipofunguka. Leo mti huo umesimama katikati ya miti ya asili, mirefu kwa mifupi, ndani ya hifadhi. Kuukata wote kwa pamoja kungerudisha jua sakafuni, na jua ndilo lililoukaribisha. Kwa hiyo wasimamizi wa msitu hawana njia ya mkato: ni kuchunguza eneo moja moja, kuona ni wapi miche ya msambu na Cephalosphaera inaota chini yake na ni wapi haioti, na kuamua kutokana na hayo.