Miaka mingi kazini, jina la kwanza kwenye orodha ya kuachishwa

KATIKA barabara ya River Road, jijini Nairobi, yupo mfanyakazi ambaye kila mteja wa siku nyingi anamfahamu. Ndiye ajuaye skrubu za kipimo fulani zimewekwa rafu gani, mteja yupi kutoka mashambani huchukua mali kwa mkopo na hulipa lini, na mashine ipi ya kupiga chapa hukwama karatasi zikiwa na unyevu. Aliingia dukani akiwa kijana, sasa ana mvi, na watoto wa tajiri wamekua wakimwona. Biashara inapoyumba, au jengo linapouzwa ili ligawanywe kuwa vibanda vidogo vidogo kama yalivyogawanywa mengi ya mtaa huo, mtu huyo hujikuta nje akiwa na bahasha mkononi. Kilichomo ndani aghalabu kimepimwa kwa huruma ya mwajiri, si kwa hesabu ya sheria.

Hesabu yenyewe ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inaeleza namna mfanyakazi anavyoweza kuachishwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena. Kwanza, chama chake cha wafanyakazi, au yeye mwenyewe ikiwa si mwanachama, pamoja na afisa wa leba, sharti waarifiwe kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, wakielezwa sababu na kiwango cha upunguzaji huo. Pili, alipwe siku za likizo alizokuwa hajazitumia. Tatu, apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Nne, na hapa ndipo uzito ulipo, alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia.

Tuchukue mfano wa karani wa duka anayelipwa Sh18,000 kwa mwezi na ambaye amekaa hapo miaka 24. Tukigawa mshahara huo kwa siku 30, siku moja ni Sh600, siku 15 ni Sh9,000, na miaka yote 24 inafika Sh216,000. Hizo ni mbali na notisi na likizo. Kwa mtu aliyezoea kupokea elfu kumi na nane na kuzigawa kati ya kodi ya nyumba na karo, tofauti kati ya fedha hizo na bahasha ya shukrani ni kubwa mno.

Sheria inataja pia nani atoke na nani abaki. Mwajiri anatakiwa kuzingatia ukongwe wa utumishi, yaani muda ambao mtu amekaa kazini, pamoja na ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake. Wanasheria wa kazi hupenda kuufupisha utaratibu huo kwa kusema aliyeingia mwisho atoke kwanza. Lakini muhtasari huo unapotosha kidogo, maana ukongwe umetajwa sambamba na sifa hizo nyingine, na mwajiri anayetaka kumwondoa mzee haoni shida kusema kijana ana ujuzi zaidi wa kompyuta.

Makampuni makubwa yana mlango mwingine, nao huitwa kustaafu mapema kwa hiari. Serikali yenyewe ndiyo iliyouzoesha umma msamiati huo ilipoanza kupunguza watumishi wake kwa njia hiyo katika miaka ya 1993 na 1994, kabla ya kuja kwa upunguzaji wa lazima mwaka wa 2000. Mashirika ya umma yakafuata, kisha benki. Baada ya bunge kuwekea riba kikomo mwaka wa 2016, benki kadhaa zilipunguza wafanyakazi, na mialiko ya kustaafu kwa hiari ikasambazwa.

Mpango wa hiari si ubaya wenyewe. Mara nyingine malipo yake huzidi kiwango cha chini cha sheria, na wapo waliozitumia fedha hizo kujenga nyumba za kupangisha. Mashaka yanaanzia kwenye tafsiri. Sheria ya 2007 inaeleza kwamba upunguzaji ni kupoteza kazi pasipo hiari na pasipo kosa la mfanyakazi. Anayetia sahihi kwamba ameondoka kwa hiari yake amejitoa mwenyewe katika ulinzi wa kifungu cha 40, na anabaki na kile tu kilichoandikwa kwenye makubaliano. Ndiyo maana barua hizo huwalenga hasa waliotimiza miaka 50 au zaidi: wako juu kabisa katika ngazi ya mishahara, na hesabu ya kampuni inaonyesha kwamba fedha za mmoja wao zinatosha vijana wawili. Iwapo vijana hao wanaletwa kuketi katika kiti kile kile, basi kazi haikufutwa hata kidogo. Kilichofutwa ni mtu.

Je, mzee anaweza kulalamika kwamba amebaguliwa kwa sababu ya umri wake? Hapa pana pengo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinaorodhesha misingi ya ubaguzi iliyopigwa marufuku, ikiwamo jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito na hali ya virusi vya Ukimwi. Umri haumo. Mlalamishi hulazimika kukimbilia Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 27 inautaja umri waziwazi. Ibara ya 57 nayo inalinda wazee, lakini kwa mujibu wa Katiba hiyo mzee ni aliyefika miaka 60, umri ule ule ambao watumishi wa serikali wanastaafu tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka wa 2009. Mwenye miaka 52 si mzee kikatiba, ila sokoni ni mzee kabisa.

Mfano wa mahakamani uliozungumzwa sana ni wa shirika la ndege la Kenya Airways, lililopunguza mamia ya wafanyakazi mwaka wa 2012. Mahakama ya leba iliamuru warejeshwe, lakini Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri hiyo. Hata hivyo, katika uamuzi huo Jaji David Maraga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba lengo la ile notisi ya mwezi ni kuzipa pande zote nafasi ya kutafuta njia ya kuepusha au kupunguza hasara. Notisi si salamu za kwaheri.

Kwa River Road, lakini, mambo ya chama na notisi ni hadithi za mbali. Huko tatizo ni kuthibitisha ile miaka 24. Riwaya ya Meja Mwangi iliyochukua jina la barabara hiyo, iliyotoka 1976, ilihusu vibarua wa mjengo, na hadi leo wengi mtaani hulipwa kama vibarua hata wakiwa wamezeekea mlango mmoja. Sheria haiwaachi ukiwa. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hugeuka mwajiriwa wa kudumu kidogo, mwenye haki ya notisi. Na pale ambapo mwajiri ameshindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, ni juu yake kuyapinga madai ya mfanyakazi, si juu ya mfanyakazi kuhangaika na karatasi ambazo hakupewa. Balaa ni duka linapouzwa: sheria yetu haina kifungu kinachohamisha mikataba moja kwa moja kwa mnunuzi, na miaka iliyopita hubaki ikidaiwa kwa tajiri aliyekwisha kuondoka.

Taarifa ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, basi, ni ushahidi mzuri, kwa kuwa inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa mwajiri. Kama akiba yenyewe haitoshi. Tangu 2001 hadi mapema 2023 mchango wa kawaida ulikuwa Sh200 za mfanyakazi na Sh200 za mwajiri. Miaka 22 ya Sh400 ni Sh105,600 kabla ya riba.

Anayetaka kushtaki ana miaka 3 tu tangu alipoachishwa. Mahakama ikiona aliachishwa isivyo haki, inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na katika kuikadiria inatakiwa kutazama urefu wa utumishi wake na uwezekano wa kupata kazi nyingine inayolingana. Kwa aliyevuka miaka 50, hoja hiyo ya pili ndiyo wakili wake anapaswa kuikazia.

Lililo jepesi kudai ni cheti cha utumishi. Kila aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi ana haki nacho, na mwajiri anayekataa kukitoa anatenda kosa. Kinabeba majina ya pande mbili, aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kuhusu uaminifu wa mtu huyo, sheria haimlazimu mwajiri kuandika neno.