Kiwanja kisicho na mnara: marubani wanaelewanaje?

Kwenye viwanja vikubwa vya ndege, mtu aliye mnarani ndiye anayempa rubani ruhusa ya kutua au kuruka. Viwanja vingi vidogo, vikiwemo vya changarawe vinavyopokea watalii hifadhini, havina mnara. Huko marubani huambiana wenyewe kwa redio.

Wote hufungua masafa mamoja. Mazungumzo ya ndege hupita kati ya megahezi 118 na 137, juu kidogo tu ya FM unayotusikilizia, inayoishia 108. Akiwa kama kilomita 18 kutoka kiwanjani, rubani hutaja kiwanja, ndege yake, alipo na anachotaka kufanya. Hurudia kadiri anavyokaribia. Marekani hutaja jina la kiwanja mwanzo na mwisho wa ujumbe, kwa kuwa viwanja kadhaa hutumia masafa yale yale.

Shida ni kwamba anasema mmoja tu kwa wakati. Wawili wakibonyeza kitufe pamoja, wengine husikia mlio wa kukwaruza. Na hata maneno yakisikika, ni nani aliyesema?

Tarehe 19 Novemba 1996, ndege yenye watu 12 ilikuwa ikija kutua Quincy, jimbo la Illinois, Marekani, kiwanja kisicho na mnara. Ndege ndogo aina ya King Air ilikuwa mwanzoni mwa njia nyingine inayokatiza ile ya kutulia. Marubani wa ndege ya abiria waliuliza redioni kama King Air itasubiri au inaondoka. Aliyejibu ni rubani wa ndege ya tatu, aliyekuwa nyuma ya King Air: yeye ndiye anasubiri. Sauti ya tahadhari ndani ya ndege ya abiria ilifunika sehemu ya jibu lake. Wakaamini ni King Air, wakashukuru, wakatua. King Air ikaanza kukimbia iruke. Zikagongana kwenye makutano, wakafa wote 14. Wachunguzi walisema marubani wa King Air hawakufuatilia redio ipasavyo, au hawakuangalia vizuri kama kuna ndege nyingine.

Isitoshe, si kila ndege ina redio. Viwanja vingi vya aina hii Marekani huziruhusu. Hivyo rubani huangalia pande zote kabla ya kuingia njiani, hata redio ikiwa kimya. Huku kwetu huweza pia kupita chini kwanza aone kama kuna ng'ombe au swala. Hao hawajibu redio.