Mtungi wa Bibi Haukukosa Kitu

Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu wetu wa historia alituletea vigae viwili darasani. Kimoja cha kijani, kinang'aa kama kioo. Cha pili cha chungu cha kawaida, chekundu, kina masizi.

"Mnaona?" akasema. "Hiki cha Uchina, hiki chetu. Wenzetu walijua glezi zaidi ya miaka elfu iliyopita. Sisi hatukujua kitu."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, ingawa bibi yangu alikuwa mfinyanzi na maji niliyokunywa utotoni yalitoka kwenye mtungi wake. Kicheko kile kimenikaa rohoni. Leo nataka kukijibu.

Kwanza, glezi ni nini? Ni utando wa kioo juu ya udongo. Mfinyanzi husaga mawe au mchanga mweupe, huchanganya na kitu cha kuuyeyusha, kama majivu, magadi au risasi, hupaka chombo na kukichoma tanurini. Lakini si kila glezi huupenda kila udongo. Chombo kikipoa, vyote viwili husinyaa. Glezi ikisinyaa kuzidi udongo, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Udongo ukisinyaa kuzidi mno, glezi hubanduka vipande vipande. Ni ndoa hiyo, bwana. Wasipopatana, nyumba haikai.

Wachina wa Longquan, katika jimbo la Zhejiang, walikuwa na udongo unaostahimili joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Glezi yao ilikuwa na chuma kidogo tu, na tanuri lilinyimwa hewa ili rangi iwe ya kijani. Hewa ikizidi, hutoka manjano au kahawia.

Wafinyanzi wa Basra, huko Iraki, katika karne ya 9 walivipenda sana vyombo vyeupe vya Uchina. Ila udongo wao ulikuwa wa manjano, una chokaa nyingi, na haukuweza moto ule. Wakafanyaje? Walitia bati ndani ya glezi mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, ikaufunika umanjano wote. Hawakuulilia udongo wa watu. Walitafuta glezi inayoufaa udongo wao.

Sasa tuje kwetu pwani. Vyombo vya glezi kutoka Ghuba na Uchina vimechimbuliwa Manda, Unguja Ukuu na Kilwa. Nenda Kunduchi, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, ukatazame makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Wazee walipachika sahani za kauri kwenye nguzo zile. Kwa hiyo glezi waliijua na waliithamini. Hata hivyo, katika magofu hayo ya pwani, vigae vingi kabisa ni vya vyungu vya hapa hapa, visivyo na glezi.

Eti ni ujinga? Hebu tumwangalie bibi. Alichoma vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto wa namna ile hupanda na kushuka upesi, na mara nyingi hauvuki nyuzi 900. Chungu chake cha kupikia kilikuwa na mchanga ndani ya udongo, ndiyo maana kiliwekwa juu ya mafiga kikavumilia moto wa ghafla. Akitaka chombo king'ae, alipaka udongo mwekundu na kukisugua kwa kokoto laini.

Na ule mtungi? Ulikuwa ukitoa jasho. Maji yalipenya polepole kwenye vitundu vidogo vya udongo, yakakauka kwa upepo, na yale ya ndani yakapoa. Upake glezi mtungi ule uone. Utang'aa vizuri sana, na utakunywa maji ya vuguvugu!

Mwalimu alivipima vigae viwili kwa kuvitazama tu. Hakuuliza kila chombo kilifanya kazi gani. Nami niliyekuwa na jibu nyumbani, nilicheka.

Bibi alishafariki, na mtungi ulivunjika zamani. Kigae chake kimoja ninacho hapa mezani ninapoandika. Haking'ai. Nikikimwagia maji, hunywa.