Jina la jazz tulilichukua: na muziki wenyewe?

Katika nchi yetu neno jazz ni la zamani. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka wa 1953, OK Jazz ikafuata mwaka wa 1956, na nyuma yao orkestra mingi zilivaa jina hilo. Lakini kitu walichocheza zaidi kilikuwa rumba. Basi kijana akituuliza jazz yenyewe ilikuwa namna gani, hasa ile ya orkestra kubwa za Marekani, hatumjibu kwa maneno matupu. Tunamwambia: kaa, sikiliza. Na tunamchagulia disiki nne.

Kwanza ajue namna orkestra hiyo inavyosimama. Ni watu karibu kumi na tano: kikundi cha saksofone, kikundi cha tarumbeta, kikundi cha tromboni, tena piano, gitare, basi kubwa na ngoma. Nguvu yake ni kujibizana. Tarumbeta zinauliza, saksofone zinajibu, sawa vile kwetu mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Mutu asiyefuata majibu hayo atasikia paka kelele. Na kwa kuwa watu wengi hivyo hawawezi kusema ovyo, kunatakiwa mmoja wa kupanga nani aseme nini, na wakati gani. Huyo njo mpangaji. Jina lake haliko kubwa juu ya disiki, lakini kazi ni yake.

Disiki ya kwanza ni Sugar Foot Stomp ya Fletcher Henderson, New York, 1925. Aliyeipanga ni Don Redman. Ndani yake anapuliza kijana Louis Armstrong, yule yule aliyekuja kucheza Léopoldville na Elisabethville mwaka wa 1960, wakati nchi ilikuwa katika taabu. Huku alikuja na kikundi kidogo; katika disiki hii tunamsikia ndani ya orkestra. Sauti ni ya zamani, inakwaruza. Kijana avumilie, ni dakika tatu hivi, maana disiki za wakati ule hazikubeba mingi zaidi.

Ya pili ni One O'Clock Jump ya Count Basie, 1937. Orkestra hiyo ilikomaa kule Kansas City, na pale wapulizaji walizoea kupanga bila karatasi: mmoja anapata kifungu kifupi, wenzake wanakishika, wanakirudia, huku mwingine anasimama kupiga peke yake. Amsikilize Lester Young kwenye saksofone, na chini yake basi ya Walter Page na ngoma za Jo Jones. Mzoefu wa sebene hatapotea hapa: kifungu kinarudi, kinarudi tena, na miguu inaanza yenyewe.

Ya tatu ni Ko-Ko ya Duke Ellington, 1940. Hapa mtunzi, mpangaji na mkubwa wa orkestra ni mtu mmoja. Ellington aliandika akimjua kila mpulizaji wake, ndiyo sababu orkestra ingine ikicheza noti zile zile, haitoi sauti ile. Tromboni ya Joe Nanton inalia kama koo la mtu, na basi ya Jimmy Blanton inapata nafasi ya kusema peke yake. Disiki hii isikilizwe mara tatu au nne, maana mara ya kwanza inapita mbio.

Ya ine ni King Porter Stomp ya Benny Goodman, 1935. Tumeiweka mwisho kwa makusudi. Goodman alikuwa mweupe, na watu walimwita Mfalme wa Swing. Lakini mpango wa muziki huo ni wa Fletcher Henderson, mtu mweusi, ambaye alikuwa amekwisha kuucheza na orkestra yake mwenyewe. Orkestra hiyo ilivunjika mwaka wa 1934 kwa shida ya pesa, na Henderson akaanza kumuuzia Goodman mipango yake. Tuseme haki: Goodman hakumficha, tena alipanda jukwaani na weusi kama Teddy Wilson na Lionel Hampton wakati ubaguzi ulikuwa mkali. Lakini taji lilikwenda kwa mmoja, na mkono ulioandika ulikuwa wa mwingine. Aliyeanza na disiki ya kwanza ataujua mtindo ule: saksofone zinauliza, shaba zinajibu.

Jambo hilo linatuhusu sisi pia. Katika orkestra zetu tunakumbuka mwimbaji na mwenye gitare. Aliyepanga saksofone ziingie wapi, na tarumbeta zinyamaze wapi, nani anamtaja? Wazee wengine waliofanya kazi hiyo wangali hai. Tuwaulize leo, tuandike majina yao, mbele hayajapotea.